Milimita Tisa

Gereji ya Mhando, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
haina sakafu ya kujivunia.
Asubuhi nzima tuliutafuta usawa
kwa mpira wa maji na vigae vya choo,
kigae juu ya kigae chini ya gurudumu la nyuma,
mpaka maji yakakubaliana pande zote nne.

Datsun ya mwaka sabini na mbili, milango miwili,
boneti ndefu kama maelezo ya mwenye deni.
Miaka kumi na moja chini ya turubai, Gofu,
ikilambwa na chumvi.
Rangi yake ya chungwa imebaki nyuma ya vitasa tu.

Mizani tuliazima: mbili stoo ya mkonge,
moja kwa muuza mahindi,
ya nne kwa Bi Sihaba wa chuma chakavu.
Mhando aliipanda hiyo ya nne, akajipima,
akacheka peke yake:
“Hapa nimekonda kilo nne.”
Bi Sihaba hatukumwambia kitu.
Tuliandika ukutani kwa chaki, *jumlisha nne*,
tukaendelea na kazi.

Kwenye kiti cha dereva wakaniweka mimi:
mfuko wa saruji, hamsini,
na sembe kilo kumi na mbili.
“Tulia hapo, Mwanahamisi,” akauambia mfuko,
akaufunga mkanda.
Mimi mwenyewe nilikuwa uvunguni,
mgongo juu ya boksi, spana mkononi,
nikipandisha kikombe cha springi, mbele kulia.
Robo mzunguko.
Kilo nilizoziita zikaja.
Na nyingine, sikuziita, zikatokea nyuma kushoto
kama ndugu waliosikia harufu ya pilau.
Shusha. Tikisa gari. Soma upya.
Shokapu zilikuwa mpya, bushi mpya,
na bado kila namba ilikuwa na ubishi wake.

Kisha uzi.
Nilileta wa katani, maana hapa ni Tanga.
Mhando akaupitisha vidoleni, akanirudishia.
“Una manyoya huu. Milimita itajificha humu.”
Akatoa mshipi wa nailoni,
akauvuta ubavu hadi ubavu, akaupiga kwa ukucha, ukalia.
Akadondosha timazi katikati ya kila gurudumu,
akavuta tepu.
Kulia, sawa na kitabu.
Kushoto akapima.
Akapima tena.
Akaifuta tepu kwa shati, akapima mara ya tatu.
“La mbele limerudi nyuma. Tisa.”

Tisa.
Kaka yangu Ayubu alituambia alipasua tairi tu,
kona ya Kigombe, mwaka ule wa mashindano,
akabadilisha, akaja nyumbani kula.
Alikula vizuri, nakumbuka. Aliomba pilipili.
Baada ya hapo akasema mashindano ni ghali,
akalivuta turubai.

Mhando hakuuliza ajali ya nani.
Alisema: tulivute kwa mnyororo wiki nzima
na huenda likapasuka,
au tulichukue lilivyo.
Tukaweka washa nyuma ya bushi, mbili, kisha ya tatu,
tukapata tano.
Nne zilikataa.
Tukaziandika nazo.

Jumamosi jioni Ayubu alipita, hakuitwa na mtu.
Akausoma ukuta wa chaki toka juu,
uzito, kimo, pembe za matairi,
mpaka kwenye tisa. Akasimama hapo.
“Mmerudisha ngapi?”
“Tano.”
Akaikuna shingo.
“Basi kona za kulia zisubiri. Usilishurutishe.
Litageuka, ila litakawia kidogo
kama mtu anayetafuta neno.”

Nikamtazama. Hakunitazama.
Akafungua mlango, akaulegeza mkanda,
akaubeba ule mfuko wa saruji kwa mikono miwili
na kuulaza chini, polepole,
kama vile una usingizi.